García: watu wanavyosema kuhusu hili jina, na ukweli wenyewe

Msimu huu wa 2025/26 ikipigwa Barcelona na Real Madrid, banda umiza linajaa akina García mpaka mtu anachanganyikiwa. Barca wana Eric García nyuma na Joan García golini, Madrid wana Fran García beki ya kushoto na Gonzalo García mbele, na hapo lazima atokee mtu aseme hawa wote ni ndugu, familia moja imegawana timu mbili, na wa pembeni anaitikia eti baba yao alikuwa mchezaji. Hapana jamani. Eric katokea Martorell, Joan katokea Sallent, zote ziko Catalonia ila ni sehemu mbili tofauti, Fran ni wa Bolaños de Calatrava huko kusini ya Madrid na Gonzalo ni wa Madrid penyewe. Kinachowaunganisha ni jina tu, na kwa Hispania jina hilo halikwambii kitu kuhusu undugu.

Mi naona tatizo linaanzia kwenye maneno yetu. Sisi tunasema "jina la ukoo", kwahiyo mtu akisikia García moja kwa moja anawaza ukoo, yaani babu mmoja, makaburi ya pamoja, mzee wa ukoo anayeitisha kikao. Sasa hebu tuangalie namba. Hispania watu zaidi ya milioni 1.4 wanabeba García kama jina lao la kwanza la ukoo, hiyo ni kama asilimia 3 ya nchi nzima, na ndilo jina namba moja kule, nyuma yake wanafuata Rodríguez, González, Fernández na López. Na wapo wengi tu wanaoitwa García García, la baba García na la mama García, bila wazazi kuwa ndugu hata kidogo. Ukoo gani huo wa watu milioni moja na nusu?

Ukweli ni kwamba García lilianza kama jina la mtu, jina la kwanza kabisa analopewa mtoto, kama wewe ulivyoitwa Juma. Ushahidi upo kwenye wafalme wa Pamplona, ule ufalme mdogo wa milimani kaskazini ambao baadae ukaitwa Navarra. Karne ya 9 alikuwepo mfalme anaitwa García Íñiguez. Hapo García ndio jina lake mwenyewe, na Íñiguez maana yake mtoto wa Íñigo, kwasababu baba yake alikuwa Íñigo Arista. Alivyoondoka akaja mwanae, Fortún Garcés, yaani Fortún mtoto wa García. Umeona mchezo ulivyo? Jina la ukoo linabadilika kila kizazi kwa kufuata jina la baba, sawasawa na huku kwetu ambako mtu anaitwa Asha Juma Salum, Juma ni baba na Salum ni babu, halafu mtoto wa Asha hana Asha wala lazima awe na Salum.

Sasa ile -ez unayoiona kwenye Rodríguez, Fernández, Martínez, González ndio hiyo hiyo, mtoto wa Rodrigo, mtoto wa Fernando, mtoto wa Martín, mtoto wa Gonzalo. Watu wanauliza mbona García halina -ez kama wenzake. Lilikuwa nayo bana, ndio hilo Garcés, na mpaka leo lipo, wako watu wanaitwa Garcés. Ila watu wengi hawakuhangaika na kiambishi, wakaweka jina la baba likiwa tupu nyuma ya la mtoto, vile vile tunavyofanya sisi tunaposema Juma Hamisi bila kuweka "bin". Halafu taratibu, nyumba moja baada ya nyingine, jina likaganda, mjukuu akarithi García hata kama baba yake hakuitwa García bali babu wa babu huko. Na kwavile García lilikuwa jina maarufu la wanaume Navarra na Castilla, likaganda kwenye nyumba nyingi mno ambazo hazijuani. Fikiria leo serikali iseme kila mtu abaki na jina la babu yake milele, vizazi vyote vitakavyokuja. Kesho akina Juma, akina Hamisi na akina Salum watakuwa malaki kwa malaki na mtu atakuja kusema hawa ukoo mmoja.

Tukija kwenye maana ndio uongo unajaa kabisa. Ukitafuta mtandaoni utakuta García ni "shujaa wa mkuki", wengine wanasema ni neema kutoka Kilatini, wengine wanasema ni korongo, yule ndege wa majini. Hii ya korongo ina chanzo chake, ndege huyo kwa Kihispania anaitwa garza, na kwenye nembo za baadhi ya familia za García walichora garza kwasababu sauti zinafanana, ilikuwa desturi ya wachora nembo kucheza na sauti ya jina, kwahiyo picha ilifuata jina, sio jina lililofuata ndege. Wataalamu wa lugha wengi wanaelekea kwenye Kibaski, ile lugha ya kaskazini isiyo na undugu na Kihispania wala na lugha nyingine yoyote ya jirani. Jina limetokea kule kule Wabaski waliko, na maandishi ya zamani yanaliandika Garsea. Hapo kuna mawazo mawili yenye nguvu, moja linasema limetokana na hartz, yaani dubu, na lingine gazte, yaani kijana. Mi binafsi la kijana linaniingia zaidi, maana kumwita mtoto wako Kijana ni jambo la kawaida dunia nzima, ila wanaoshika la dubu nao wana hoja zao na mjadala haujafungwa. Kwahiyo ukikutana na ukurasa unakupa maana moja tu kwa uhakika wote, jua huyo anakuuzia kitu.

Na kweli wanauza. Kuna vikombe, fulana, fremu za ukutani zenye "nembo rasmi ya ukoo wa García". Haipo nembo ya jina zima. Nembo ilikuwa ya mtu fulani au familia fulani, wakarithi watoto wao, García wa kijiji cha jirani hakuwa na haki nayo. Zipo nembo nyingi za akina García mbalimbali na hazifanani.

Dhana nyingine iliyosumbua watu wengi, na hii ilikuwa na madhara ya kweli, ni kwamba García ni jina la Kiyahudi na ukiwa nalo Hispania inakupa pasi ya kusafiria. Hii ilitokana na sheria ya mwaka 2015. Hispania iliwafukuza Wayahudi mwaka 1492, na baada ya karne zaidi ya tano ikatunga sheria kuwapa uraia wajukuu wa hao waliofukuzwa, wanaitwa Wasefardi, na mlango wa kuomba ukafungwa 2019. Hata kabla sheria haijapita, mtandaoni zikasambaa orodha ndefu za majina eti ukiliona jina lako humo we ni Msefardi na uraia ni wako, na García likawekwa humo, pamoja na Pérez na López na mengine ambayo ni nusu ya Amerika ya Kilatini. Serikali haikutoa orodha yoyote. Sheria ilitaka vyeti, ilitaka ushahidi wa asili, mtihani wa lugha na wa katiba, na jina lilikuwa dalili moja tu ambayo peke yake haitoshi. Ni kweli wapo Wayahudi walioitwa García, maana waliobatizwa walichukua majina ya kawaida ya majirani zao, ila hapo hapo utaona kwanini jina haliwezi kuthibitisha kitu, lile jina walilichukua kwasababu lilikuwa la kila mtu.

Wengine wanasema García ni Mmexico. Hii tumeipata kwenye muvi za Marekani. Mexico kwenyewe la kwanza ni Hernández, García linafuata. Marekani ndio hesabu inashangaza, sensa ya 2000 García lilikuwa jina la 8 kwa wingi nchi nzima, watu 858,289, sensa ya 2010 likapanda mpaka la 6, watu 1,166,120, mbele yake yamebaki Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones tu, yaani limewapita akina Miller na Davis ambao wako pale toka zamani. Kati ya hao wa 2010 karibu 92 kwa kila 100 walijiandika kuwa ni watu wa asili ya Kihispania, humo wamo Wamexico, Wakuba, Wapuertoriko, Wadominika, Wakolombia na wengine. Hao 8 waliobaki nao ni akina García kama wenzao, wamo weupe, wamo weusi, wamo Wafilipino.

Na hawa Wafilipino naomba tukae nao kidogo. Ukimsikia Mfilipino anaitwa Garcia au Santos au Reyes usidhani ana babu Mhispania. Wahispania waliotoka Ulaya kwenda kule walikuwa wachache sana. Majina yaliingia kwa ubatizo, na halafu mwaka 1849 gavana Narciso Clavería akaona watu wengi hawana majina ya kurithi, baba na mtoto majina tofauti, au kijiji kizima kinaitwa de la Cruz, na kodi haikusanyiki vizuri. Akatoa amri, likachapishwa kitabu kikubwa chenye majina kwa mpangilio wa alfabeti, kurasa zikagawiwa mikoani na familia zikachagua au zikachaguliwa. Ndio maana mpaka leo kuna miji kule ambako majina ya wenyeji wengi yanaanza na herufi moja. Yaani mtu alipewa jina kama namba ya leseni. Rais wao wa kuanzia 1957 mpaka 1961 aliitwa Carlos P. Garcia, mtu wa Bohol, na sera yake ilikuwa Wafilipino Kwanza kwenye biashara. Hiyo P ni Polestico, la mama yake, kule la mama linakaa katikati.

Na hata Afrika lilifika mapema, ila kwa mkono wa Wareno ambao wanaliandika Garcia bila ile alama juu ya i. Ufalme wa Kongo, makao yake makuu Mbanza Kongo ambayo leo ipo Angola, ulikuwa na manikongo, yaani mfalme, Garcia wa kwanza miaka ya 1624 hadi 1626, halafu Garcia wa pili, Nkanga a Lukeni, aliyeshika kiti 1641. Huyu wa pili alishirikiana na Waholanzi kuwapiga Wareno wa Luanda. Mkongo mtupu, mfalme, kabeba García kama jina la ubatizo, yaani kalitumia kama jina la kwanza, vilevile kama alivyolitumia yule mfalme wa Pamplona miaka mia nane kabla.

Kutamka sasa, haraka tu. Wengi wanasema "Gasha". Ni Gar-si-a, mkazo kwenye si, na huo mkazo ndipo ulipo kwa kawaida kwenye Kiswahili, silabi ya pili toka mwisho, kwahiyo sisi hatuna kisingizio. Sehemu kubwa ya Hispania wanasema Gar-thi-a, hiyo th ni ya thelathini. Zote mbili sahihi.

Nimalizie na kosa ambalo hata wasomi wetu wanalifanya, kumuita yule mwandishi wa Colombia aliyechukua Nobel 1982 eti "Márquez". Sio Márquez, ni García Márquez. Wahispania na nchi nyingi walizotawala wanabeba majina mawili ya ukoo, linatangulia la baba halafu la mama, na mwanamke akiolewa anabaki na yake yote mawili. Ukitaka kumfupisha unabakiza la kwanza, kwahiyo kwenye maktaba mtafute kwenye G. Wapo waliojulikana kwa la mama, mshairi Lorca ni García Lorca, waziri mkuu wa zamani wa Hispania, Zapatero, ni Rodríguez Zapatero, sababu ni ile ile kwamba la baba limejaa mno na halimtofautishi mtu. Siku hizi Hispania wazazi wanaweza kukubaliana la mama litangulie, na toka 2017 hakuna linalotangulia lenyewe tu, mnatakiwa kusema.

Lakini kwa García Márquez, la mama lilishatangulia zamani, toka kwa baba yake. Baba yake, Gabriel Eligio, alizaliwa Sincé, huko huko Colombia, mwaka 1901 nje ya ndoa. Babu upande wa baba aliitwa Gabriel Martínez, na kama angefunga ndoa na bibi, leo dunia ingekuwa inasoma vitabu vya mtu anaitwa Martínez Márquez. Hakufunga. Bibi aliitwa Argemira García, na mtoto akaandikwa kwa jina lake.