"Nipe ile ya 46": haya, ipi sasa?

Wagosi, masika ikinukia tu hapa dukani Tanga sentensi ni moja, "nipe ile ya 46". Nikiuliza ipi, mtu ananikazia macho kama nimemtukana. Wengine wanaongeza kabisa, "si ile kali". Hamna mbolea kali jamani!

Zile namba tatu kwenye mfuko hazipimi ukali, ni asilimia, na mpangilio wake haubadiliki: ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi (inahesabiwa kama oksidi yake, P2O5), ya tatu potasiamu (nayo kama oksidi, K2O). Urea ni 46-0-0. DAP ni 18-46-0. Zote zina 46 lakini ya urea imekaa mwanzo na ya DAP imekaa katikati, na hapo ndo watu wanapoumia kila msimu, maana DAP ni ya kupandia na urea ni ya kukuzia. Mtu anabeba urea anaenda kuweka shimoni pamoja na mbegu, ile urea ikipata unyevu inatoa amonia, mbegu inaungua, halafu lawama zinakwenda kwa muuza mbegu.

Na kinyume chake ndo kinanichosha zaidi. Mahindi yamefika magotini, majani ya chini yamekuwa njano kuanzia nchani kufuata mshipa wa kati, hiyo ni njaa ya naitrojeni wala haihitaji profesa, yeye anakuja kununua DAP kwa sababu "46 ni 46". Fosforasi haitembei kwenye udongo, ukiimwaga juu inabaki pale pale ulipoimwaga, mizizi iko chini haiioni. Sasa ubaya ni kwamba ndani ya DAP kuna ile 18 ya naitrojeni, kwa hiyo mahindi yanarudi ukijani kidogo na mtu anarudi dukani kifua mbele, "si umeona?" Nimeona, nimeona umelipia kilo 23 za fosforasi (kwa hesabu ile ya P2O5) ili upate kilo 9 za naitrojeni, yaani umenunua nazi kwa ajili ya kifuu. Fosforasi ikikosekana dalili yake ni nyingine, mahindi machanga yanadumaa na kingo za majani zinakuwa zambarau, na mpaka uione hiyo umeshachelewa, ndo maana inawekwa siku ya kupanda.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Mfuko wa kilo 50 ukiandikwa 46 mwanzoni una kilo 23 za naitrojeni. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, ya 27 ina kilo 13 na nusu. SA (salfeti ya amonia) ya 21 ina kilo 10 na nusu, kwa hiyo ukiniambia "nachukua SA ni bei rahisi" gawanya kwanza bei kwa kilo za naitrojeni, sio kwa mifuko, maana utahitaji mifuko miwili na zaidi kuifikia urea moja. Ila SA ina salfa, kwenye vitunguu siwezi kukukatalia.

Halafu kuna hesabu ya wajuaji: 17-17-17 jumla 51, "hizo 49 ni mchanga mnatuibia". Naitrojeni haifungwi mfukoni peke yake ndugu yangu, ni hewa hiyo, lazima ishikane na vitu vingine. Hata kwenye urea safi kabisa hizo 54 zilizobaki ni kaboni, oksijeni na haidrojeni.

DAP nyeusi feki, ya kahawia ndo orijino? Hapana. Rangi haina uhusiano na virutubisho. Feki mnaitafuta wenyewe kwenye mbolea za kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, hapo lebo huioni na huna cha kumdai mtu.

Iliyoganda imekufa? Joto na unyevu wa pwani hii urea itaganda tu, ponda utumie. Ila ikiwa imeyeyuka na kuvuja sakafuni hiyo imeondoka. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

"Urea mwaga tu, mvua itashusha." Mvua isiponyesha jua la hapa linaipeleka hewani, fukia sentimita tano, jembe moja tu linatosha.

Na hii ya mbolea ya dukani kuua ardhi, nusu yake ni kweli. Urea na SA miaka nenda rudi bila samadi zinaleta tindikali, na udongo ukishakuwa na tindikali nyingi hata hiyo DAP inakamatwa mmea hauipati, utaongeza mifuko wee bila faida. Dawa yake ni chokaa, lakini chokaa nayo haikisiwi. Wagosi maabara ya udongo iko TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo), Muheza hapo, pelekeni. Chukua udongo sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi (sio ile ya mbolea!), na usichote penye kichuguu wala pale mlipokuwa mnafunga ng'ombe.