Uraniamu ya Shinkolobwe, vita vya Iraki na kura za wabunge

Vita vya Iraki vikitajwa barazani hapa Lubumbashi, iwe Katuba au Kamalondo, hakosekani mzee wa kusema kwamba Wamarekani walipigania uraniamu yetu ya mgodi wa Shinkolobwe. Sivyo. Ya Shinkolobwe iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Uraniamu ambayo Saddam Hussein, rais wa Iraki, alidaiwa kuitafuta ni ya Niger, na nyaraka za dai hilo zilighushiwa. Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya atomu, aliliambia Baraza la Usalama hivyo tarehe 7 Machi 2003. Wiki mbili hazikupita, Baghdad ikapigwa mabomu.

Wengine husema: “Wabunge wa Marekani walioruhusu vita wangejuaje? Walidanganywa tu.” Hiyo ni nusu ya kweli, na ndiyo inayoniuma zaidi. Oktoba 2002 wabunge wa Marekani waliwekewa ripoti ya siri ya kijasusi yenye kurasa zaidi ya 90. Ndani yake, wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Nje waliandika kwamba habari za uraniamu kutoka Afrika ni za kutiliwa shaka sana. Lakini waraka mfupi uliotolewa kwa umma ulisema kwa uhakika zaidi, na pingamizi nyingi hazikuwamo. Kuficha shaka kwa namna hiyo ni kudanganya, hata kama hakuna sentensi iliyotungwa. Hata hivyo, ripoti nzima maseneta waliruhusiwa kuisoma, na waliojishughulisha walikuwa wachache. Bob Graham, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Seneti, aliisoma, akapiga kura ya hapana. Vita vikapita kwa kura 77 dhidi ya 23.

Wala mchezo huu haukuanza na George W. Bush, rais wa Marekani wakati wa vita vya Iraki. Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson alilieleza Bunge kwamba meli zao zimeshambuliwa mara ya pili katika Ghuba ya Tonkin, Vietnam. Shambulio hilo la pili halikutokea. Kura za kumruhusu kutumia jeshi zilikuwa 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, na 88 kwa 2 katika Seneti.

“Kwetu Kongo rais huamua peke yake.” Hapana. Katiba ya 2006, vifungu vya 86 na 143, inamtaka apate idhini ya Bunge la Taifa na Seneti kabla ya kutangaza vita. Basi mgombea akija Ruashi kuomba kura, aulizwe: siku hiyo ikifika, utadai kusoma ripoti yote?