RAM kiasi gani inamtosha mtu wa grafiksi?

Kuna dogo anadizaini kadi za harusi na mabango, juzi kanipigia saa nne usiku. "Kaka shikamoo, samahani, hii laptop yangu ina memori 500 ila inastaki hatari, Photoshop ikifunguka naweza kwenda kuoga nikarudi." Nikamuuliza 500 ya nini, akasema si memori tu kaka.

Hapo ndo mkanganyiko unapoanzia, maana kwetu kila kitu ni memori. Kadi ya simu memori, flashi memori, diski ya laptop memori, sasa mtu akiambiwa RAM nayo ni memori anaona anayo ya kumwaga. Ile 500 yake ni diski, inatunza mafaili hata ukizima mashine. RAM ni pale kazi inapokaa wakati umeifungua, unasogeza maandishi, unamkata bibi harusi unamtoa kwenye ukuta unamweka kwenye maua, ukizima mashine vyote vilivyokuwa humo vinafutika. Dogo RAM yake ilikuwa giga 4. Windows yenyewe na kivinjari vikishakula, kwa Photoshop hamna kitu kilichobaki cha maana.

Sasa swali la giga ngapi watu wanalijibu kama vile RAM inaendana na cheo, eti mwanafunzi 8, profesheno 32. Hamna kitu kama hicho. RAM inafuata pikseli, vile vidoti vya rangi vinavyounda picha. Unaweza ukawa umedizaini miaka 20 unatengeneza logo na business card tu na giga 8 zikakutosha, na mtu ameanza mwezi jana ana kazi inayoikaba mashine ya giga 32.

Chukulia picha ya JPEG. Kwenye diski ni MB 8, unasema ah ndogo hii. Lakini JPEG ni kama belo la mitumba, limekandamizwa likafungwa mikanda, ukikata mkanda nguo zinafumuka chumba kizima. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi inachukua baiti moja, kwa hiyo ikifunguka ndani ya RAM ni MB 72. Hapo hujaigusa. Ukienda CMYK, yaani mfumo wa rangi za kuprinti, rangi zinakuwa nne, ukifanya kazi kwenye biti 16, yaani baiti mbili kwa kila rangi, zidisha kila kitu mara mbili.

Twende kwenye roll-up, zile za sentimita 85 kwa 200 zinazosimamishwa mlangoni kwenye semina. Ukiifungua kwa 300 dpi, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, unapata pikseli 10,039 kwa 23,622, yaani kama milioni 237, kwa CMYK hiyo ni karibu MB 950 kwa leya (tabaka la picha) MOJA iliyojaa. Ukiwa na leya 12 za namna hiyo, bakgraundi, teksicha, picha za wageni rasmi, vivuli, umeshapita giga 11. Na Photoshop inatunza pia vile vipande ulivyobadilisha ili ukibonyeza Ctrl Z irudi nyuma, hatua 50 usipoigusa hiyo setingi, navyo vinataka sehemu ya kukaa.

Hili nalijua kwa maumivu. Zamani niliwahi kudizaini roll-up kwa 300 dpi kwa sababu kichwani nilikuwa na sheria moja tu, printi ni 300. Mashine ya giga 8. Kila nikisogeza kitu nasubiri, nikaona nikomae hivyohivyo mpaka alfajiri, nimemaliza nabonyeza kusevu inakataa, kumbe faili la PSD, lile la kawaida la Photoshop, mwisho wake ni giga 2, ukizidi hapo lazima usevu kama PSB, lile la kazi kubwa. Nilihangaika kama saa nzima sijui hilo. Afu fundi wa printi asubuhi kaliona ananiuliza kaka hii yote ya nini, mtu anaisoma akiwa amesimama mita moja na nusu huko, 100 inatosha, ukitaka sana weka 150. Kwa 100 dpi leya ileile inashuka mpaka MB 105, mara tisa pungufu, zile leya 12 zote zinaingia kwenye giga moja na kitu. Yaani nilitaka kwenda kununua RAM kwa tatizo ambalo lilikuwa namba tu niliyoijaza vibaya wakati nafungua ukurasa mpya. Na bango la barabarani linaloonekana kutoka ng'ambo ndo linataka dpi ndogo zaidi ya hapo.

RAM ikijaa mashine haizimi, inaanza kumwaga kazi kwenye diski, Photoshop wanaita scratch disk. Ndo ule ubutu. Diski za zamani zile zinazozunguka zinasoma kama MB 100 kwa sekunde, kwa hiyo giga 2 zilizomwagwa ni sekunde 20 unaangalia kiduara kinazunguka, SSD, diski isiyozunguka, ile ya kawaida ya SATA ni MB 500 kwa sekunde, inakuwa sekunde 4. Ndiyo maana wengine wakibadilisha diski kuwa SSD wanaapa kwamba RAM imeongezeka, haijaongezeka, ni kumwagika tu kumekuwa kwa haraka.

Watu wa Illustrator na CorelDRAW mna nafuu, vekta ni mistari na hesabu, bango la mita 10 na stika ya sentimita 5 uzito wake unaweza kulingana. Mzigo unakuja mkianza kuingiza mapicha humo ndani na vivuli na blur.

Video na moshengrafiksi, yaani michoro inayotembea, ni habari nyingine kabisa. After Effects ikikuonyesha priviu inaweka kila fremu kwenye RAM ikiwa imefumuliwa, fremu moja ya 1920 kwa 1080 ni kama MB 8.3, sekunde 10 kwa fremu 25 kila sekunde ni giga 2. Ukiwa kwenye 4K zidisha mara nne, giga 8 kwa sekunde 10 tu. Adobe wenyewe wanaandika 16 ndo ya chini na wanashauri 32 kwa After Effects, wakati kwa Photoshop wanasema 8 ya chini, 16 ya kushauriwa. Na mtu wa 3D, wa Blender, kabla hujauliza RAM uliza memori ya kadi ya grafiksi kwanza, ukirenda kwa GPU, yaani kadi hiyo, sini yako (vitu vyote ulivyovijenga) inatakiwa iingie mle, RAM 64 na kadi ya giga 2 bado utalia.

Kwa hiyo mimi mtu akinibana nitaje namba nasema 16. Kadi, fulana, vipeperushi, posta za Instagram, roll-up yenye dpi ya akili, 16 inabeba na Chrome ikiwa wazi. 8 inawezekana kwa nidhamu, funga kila kitu. 32 nunua kama unaunganisha mapicha makubwa kila siku au unafanya video. Hata Apple walioshikilia 8 miaka yote, Oktoba 2024 wakahamia 16 kama mwanzo kwenye MacBook Air, na hizo usipochukua ya kutosha siku ya kununua huongezi tena, RAM haichomoki.

Ila usiniamini mimi, pima. Fungua faili lako zito kuliko yote, pale chini kwenye Photoshop kuna kamshale, chagua Efficiency. Ikisoma 100% wakati unafanya kazi, RAM unayo ya kutosha, pesa peleka kwenye skrini nzuri. Ikishuka chini ya 100 inamwaga kwenye diski.

Ukiamua kuongeza, hasa kwenye hizi laptop za mtumba, mwambie fundi afungue kifuniko mbele yako kabla hujalipa, kuna nyingine nyembamba RAM imelehemiwa kwenye bodi. Angalia ni DDR3 au DDR4, hivyo ni vizazi vya RAM, maana haziingiliani, na mbili za 8 zina kasi kuliko moja ya 16, hasa kama laptop haina kadi ya grafiksi ya peke yake, kwa sababu grafiksi hiyo inakopa RAM hiyohiyo yako.

Dogo yake ilikuwa na nafasi moja wazi, kapachika 8 ikawa 12, nikamwambia aniambie na kadi za harusi anafungua kwa dpi ngapi. Akasema 1200, ili zitoke kali.