Taa Zote Zizimike, Uso wa Shangazi Ubaki

Nimefunga taa za jukwaani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu lazima siku moja nimkalishe mbele ya kompyuta nimwonyeshe filamu moja ya Hollywood ya mwaka 1958. Wengi hunung'unika. Ina dakika 143, watu wanaongea kasi kama cherehani, na hakuna anayepigwa risasi. Inaitwa Auntie Mame. Mimi huiita Shangazi Mame, na hilo neno "shangazi" sikulitupa tu. Nitalirudia.

Ninachotaka kijana akione kiko ndani ya filamu, kila onyesho moja linapokwisha. Mame amemaliza neno lake, labda amesimama kwenye ngazi, labda ameketi. Filamu nyingine ingekata hapo ikahamia kwingine. Hii haina haraka. Sebule inaanza kufa polepole: ukuta unapotea, wageni wanapotea, kochi linapotea, na katikati ya giza unabaki uso mmoja tu, wa Rosalind Russell anayemcheza Mame, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nao unazimika.

Ujanja huo umetoka jukwaani. Ukumbini huwezi kukata picha. Meza ile ile ya chai lazima iondoke na kitanda kiingie, na watazamaji wasione vijana wa nyuma wakihangaika. Kwa hiyo unazima. Fundi mwenye akili hazimi vyote kwa mkupuo kama umeme umekatika. Anaacha kitu kimoja ambacho mtazamaji atakwenda nacho gizani. Morton DaCosta, aliyeiongoza filamu hii, ndiye aliyeongoza tamthilia yake Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Ilifunguliwa katika ukumbi wa Broadhurst tarehe 31 Oktoba 1956, Russell huyo huyo akiwa Mame, ikachezwa mara 639. Kampuni ya Warner Bros. ilipomwita kutengeneza filamu, alikuja na tabia zake za ukumbini, na hakuona haya kuzionyesha.

Wako wanaosema hapo ndipo alipokosea, kwamba aliipiga picha tamthilia badala ya kutengeneza sinema. Waje wajaribu. Taa ya waya, ukiipunguza nguvu, haififii tu. Inakuwa nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Ukumbini hakuna anayejali, kwa sababu jicho linazoea. Filamu ya rangi haizoei kitu. Inaandika kila inachoona, na ngozi ya mwigizaji inageuka tofali. Halafu filamu za rangi za wakati ule zilikuwa na kiu ya mwanga. Sebule ililazimika kumwagiwa taa nyingi kweli ndipo picha itoke. Kushuka kutoka mafuriko yale hadi uso mmoja, bila uso wenyewe kubadilika rangi, ni kazi ya mikono mingi iliyotulia. Mpigapicha alikuwa Harry Stradling, na mfumo uliotumika uliitwa Technirama, ambamo utepe wa filamu hupita ndani ya kamera kwa ubavu badala ya kushuka wima, hivyo kila picha inapata eneo kubwa zaidi. Ndiyo maana giza la filamu hii ni safi. Huoni zile chembechembe za mchanga.

Mara ya kwanza nilipojaribu ujanja huu ilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa shule. Nilimchorea mwigizaji alama ya chaki sakafuni. Mazoezini alisimama juu yake vizuri kabisa. Usiku wa onyesho watu wakacheka kuliko tulivyotegemea, naye, akisubiri kicheko kipite, akarudi nyuma hatua mbili. Mimi huku sina habari. Nikashusha taa zote moja moja, kwa madaha, nikaacha ile moja. Ikamulika dumu la maji. Pumzi tatu nzima, dumu la manjano liking'aa peke yake kama sanamu ya mtakatifu. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo nimemtazama Russell kwa macho mengine. Anapita ndani ya filamu kama kimbunga, mikono hewani, kibiriti na kishikio kirefu cha sigara, gauni likiburuta ngazi nzima, unaapa hajui atatua wapi. Lakini onyesho likiisha, kidevu chake kiko pale pale kwenye mwanga. Wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka hamsini, na kasi yake ya kusema aliianza zamani: mwaka 1940, katika filamu ya His Girl Friday, alikuwa akimkata kauli mwigizaji mwenzake Cary Grant bila kupoteza hata silabi.

Kwa ambaye hajaiona: mwaka 1928 mtoto yatima, Patrick Dennis, anapelekwa New York kwa ndugu pekee aliyebaki naye, Mame. Anafika katikati ya karamu. Shangazi ana pesa, marafiki wa kila namna, na hamu ya kila jambo jipya. Anampa mtoto daftari aandike kila neno asilolielewa. Mtoto anajifunza kuchanganya kinywaji cha wakubwa kabla hajajifunza hesabu. Bwana Babcock wa benki, msimamizi wa urithi, anataka shule ya nidhamu. Mame anampeleka kisirisiri kwenye shule ambako wanafunzi na walimu wako uchi. Mwaka 1929 soko la hisa linaanguka na pesa zinakwisha. Mame anatafuta kazi na kila kazi inamshinda. Jukwaani anapewa sehemu ndogo katika tamthilia ya rafiki yake Vera, naye anaingia amevaa bangili za kengele. Kila akisogeza mkono, njuga. Kisha bangili zinanasa kwenye vazi la Vera mbele ya ukumbi uliojaa. Kila fundi wa jukwaa amewahi kukutana na mtu wa bangili, na hamtaki tena.

Krismasi ya mwaka huo wa ukata ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Mpishi Norah na mtumishi Ito, ambao mshahara wenyewe hawajauona, wanachukua akiba yao wanamlipia Mame deni la bucha. Hapo kicheko kinakwama kooni.

Sasa turudi kwa shangazi. Kiingereza kina neno moja tu kwa dada wa baba na dada wa mama, wanaishi nalo wala hawaoni kasoro. Sisi tunauliza kwanza: wa upande gani? Mame ni dada wa baba yake Patrick. Basi si mama mdogo, ni shangazi, na shangazi ana madaraka. Huyo ni baba wa kike. Harusini ana kiti chake, kwenye posa ana kauli yake, na yale ambayo baba hawezi kumwambia mtoto yeye humwambia tena kwa sauti. Hata magazeti ya Kiswahili yana safu ya shangazi anayejibu maswali ya mapenzi. Safu ya mama mdogo sijaiona.

Ukiwa na hilo kichwani, nusu ya pili ya filamu inabadilika. Patrick amekua, amesomeshwa na watu wa Babcock, na ameanza kumwonea shangazi yake haya. Analeta mchumba, Gloria Upson, msichana ambaye jambo kubwa lililowahi kumpata maishani ni kukanyaga mpira wa tenisi ya mezani katikati ya mashindano. Anakisimulia kisa hicho kama msiba wa taifa. Joanna Barnes, anayemcheza Gloria, anakisema bila kutabasamu hata kidogo, na mimi hucheka kila mara. Mame anakwenda kuwaona wakwe huko jimbo la Connecticut. Wanamkaribisha kwa kinywaji chenye asali, wanamwita majina ya mahaba, na katikati ya ukarimu huo inatoka: mtaa wao umewekewa mipaka, Wayahudi hawatakiwi, na kiwanja cha jirani wanataka wanunue kwa ajili ya maharusi ili asije akakinunua "mtu wa namna nyingine".

Mame hagombi. Anarudi nyumbani, anawaalika chakula cha jioni. Sebule imebadilishwa tena. Katika filamu hii nyumba hubadilika kila Mame anapobadilika, ile ngazi tu ndiyo haihami. Safari hii imejaa viti vya kisasa vinavyopanda na kushuka kwa mashine. Wakwe wakikaa, wanajikuta wananing'inia. Kisha Mame anaacha maisha yake yote yaingie mlangoni: mwigizaji mlevi, mwalimu wa shule ya uchi, katibu muhtasi mjamzito. Mwisho inajulikana kwamba kile kiwanja cha Connecticut amekinunua yeye, na patajengwa makao ya watoto wakimbizi wa Kiyahudi. Uchumba unavunjika pale pale.

Wamarekani wengi huliona onyesho hili kama ushindi wa mwanamke asiyejali desturi. Mimi naona desturi yenyewe ikifanya kazi. Posa imekuja, shangazi kakagua ukoo, ukoo haufai, kaivunja bila kumtukana mtoto.

Siifichi kasoro. Ito ni Mjapani wa kuchekesha wa Hollywood ya zamani, kazi yake kuchekacheka na kuinama, na aliyemcheza, Yuki Shimoda, alikuwa na uwezo wa mengi zaidi ya hayo. Na yule katibu muhtasi, Agnes Gooch, aliyechezwa na Peggy Cass kwa ufundi uliomletea tuzo ya Tony jukwaani, anatendewa vibaya na Mame mwenyewe. Anapambwa, anavalishwa gauni la mwenzake, anasukumwa aende akaishi, akirudi na mimba inakuwa kichekesho. Kijana mmoja wa kwangu aliniuliza, "Sasa huyo dada, hana shangazi?" Sikuwa na jibu. Filamu nayo haina.

Filamu ilipendekezwa kwa Oscar sita na haikupata hata moja. Filamu ya Gigi ilizoa tisa usiku ule, na tuzo ya mwigizaji wa kike ikaenda kwa Susan Hayward. Mwaka 1966 hadithi ikafanywa tamthilia ya muziki, Angela Lansbury akaing'arisha, na mwaka 1974 ikafanywa filamu ya muziki na Lucille Ball, ambayo siwaonyeshi wanafunzi wangu. Humo uso wa Mame umepigwa ukungu laini mno, mtu hujui unamtazama nani.

Kitabu ndicho kilichoanza, mwaka 1955. Mwandishi alijiita Patrick Dennis, akampa mtoto wa hadithini jina hilo hilo, na wasomaji wakaamini wanasoma maisha yake. Jina lake halisi lilikuwa Edward Everett Tanner. Alikuwa na shangazi kweli, Marion Tanner, dada wa baba, aliyeishi Greenwich Village, mtaa wa New York, katika nyumba iliyopokea kila aliyegonga mlango. Marion alikuwa tayari kabisa kuitwa Mame. Mwandishi alikataa kwamba ni yeye. Baadaye pesa za vitabu zilipokauka, Tanner alifanya kazi ya utumishi wa nyumbani, na mmoja wa mabosi wake alikuwa Ray Kroc wa McDonald's. Alifariki Novemba 1976, akiwa na miaka 55. Rosalind Russell alifariki mwezi huo huo.

Nadhani zile taa zinapata nguvu kwa sababu tunamtazama Mame kwa macho ya mtoto. Mtu mzima akikumbuka nyumba aliyolelewa hukumbuka bei ya kodi, mapazia, nani aligombana na nani. Mtoto wa miaka tisa anakumbuka uso ulioinama kumtazama, pembeni giza. DaCosta anazima sebule ile ile ambayo mafundi wake wameipamba kwa gharama kubwa, mara baada ya mara, ili ibaki kumbukumbu ya Patrick.

Mwaka juzi niliipeleka Tanga kwa shangazi yangu, nikamtafsiria kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kwenye bangili alicheka mpaka sinia ikayumba. Kwenye shule ya uchi alisema astaghafirullah na kuomba niirudishe aone vizuri. Wale Upson walipovuka mlango wa sebule ya Mame aliacha mchele kabisa, akajifunga khanga upya kiunoni. Kiwanja kilipotajwa akapiga goti kwa kiganja.

"Hati ameandikisha kwa jina lake, au la kijana?"

Nikamwambia, kwa jina lake, shangazi.

"Aa, basi," akasema, akavuta sinia.