Hukumu ya 1971 haikuruhusu kila siri ichapishwe

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti mwaka 1971 mahakama ya juu ya Marekani iliamua kwamba mhariri akichapisha nyaraka za siri za vita hawezi kushtakiwa kamwe. Si kweli.

Serikali iliomba magazeti mawili yazuiwe kuendelea kuchapa nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam. Majaji sita kati ya tisa walikataa, kwa kuwa haikutoa sababu nzito za kuzuia habari kabla ya kuchapwa. Suala la kumshtaki mhariri baada ya kuchapa halikuamuliwa. Baadhi ya hao sita waliandika bayana kwamba mashtaka ya namna hiyo yanawezekana. Uamuzi wenyewe ni aya chache tu na unapatikana mtandaoni, ila usome na maoni ya kila jaji. Humo ndimo jibu lilimo.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Hakuna mhariri aliyefungwa, na kesi ya mtu aliyeyavujishia magazeti nyaraka hizo ilifutwa mwaka 1973. Lakini ilifutwa kwa sababu ya mwenendo mbaya wa serikali yenyewe, wala hakutangazwa kuwa hana hatia.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze, hasa kwa waandishi chipukizi wa kwetu: hukumu ya Marekani haiwakingi na sheria za hapa.