Ramani ya mapito ya samaki ni nini, na mto huingiaje humo?

Ramani ya kawaida ya wilaya ya Kyela inaonyesha mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikiteremka kutoka milimani na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Inakuambia maji yanapita wapi. Haikuambii kama kuna samaki anayepanda kinyume cha maji hayo, anapanda msimu gani, na anaishia wapi. Kazi hiyo ni ya ramani ya mapito ya samaki.

Kwa maneno machache, ni ramani ya mito na vijito ambamo kila kipande kimeandikwa samaki gani ameonekana, alikuwa akifanya nini, na sehemu ya juu kabisa alikoonekana. Nyuma ya kila alama kuna ushahidi: tarehe, mahali, picha, na jina la aliyeona. Alama isiyo na ushahidi ni fununu tu, na fununu za samaki hazijawahi kuadimika.

Dhana hii imekomaa zaidi kwenye nchi za samoni. Samoni wa Pasifiki huanguliwa kwenye changarawe ya mto, hushuka baharini kunenepa, kisha hurudi mtoni kutaga na kufa. Jimbo la Alaska, Marekani, lina orodha ya kisheria ya mito na maziwa yanayotumiwa na samaki wa namna hiyo. Ukitaka kujenga daraja au kuchepusha maji kwenye mto uliomo, lazima kwanza upate kibali cha idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Kila mto una herufi zake: za kwanza ni za spishi, za mwisho ni za shughuli. Herufi s ni kutaga, r ni kulea wachanga, p ni kuwapo tu. Kwa hiyo COr maana yake ni samoni aina ya coho, wachanga wakikulia humo.

Hizo herufi ndogo za mwisho ndizo uti wa mgongo wa ramani nzima. Mahali pa kutagia panataka changarawe safi na maji yanayokwenda kasi, ili mayai yapate hewa. Mahali pa kulelea panataka maji yaliyotulia, yenye kivuli na chakula. Coho mchanga anaweza kukaa mwaka mmoja au miwili kwenye kijito ambacho mtu mzima anakiruka kwa hatua moja. Mhandisi anayetazama upana wa maji peke yake atakiona kama mtaro na kukifukia.

Kwetu hakuna samoni wa asili. Trauti waliopandikizwa zama za wakoloni kwenye vijito vya baridi vya nyanda za juu ni wa ukoo wa samoni kweli, lakini maisha yao wanayamalizia humo humo vijitoni, kwa hiyo hawahusiki hapa. Anayehusika ni mbasa, Opsaridium microlepis, anayekulia Ziwa Nyasa na kupanda mitoni kutaga maji ya mvua yakijaa. Wazungu walimwita samoni wa ziwa kwa tabia hiyo na kwa rangi yake ya fedha, ingawa kiukoo yuko karibu na ningu kuliko samoni. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemweka miongoni mwa spishi zilizo kwenye tishio la kutoweka, na si ajabu: samaki anayepita mlango mmoja wa mto, kwa msimu mmoja, anavulika kirahisi mno.

Sasa kanuni ya kuchora. Ukimwona mbasa mzazi kilomita 18 kutoka ziwani, hujathibitisha nukta moja. Umethibitisha kilomita zote 18, kwa sababu hakufika hapo kwa basi. Ndiyo maana mstari huchorwa kutoka mlango wa mto hadi nukta ya juu kabisa yenye ushahidi, na kipande chote cha chini huhesabiwa kuwa ni mapito hata kama hakuna aliyewahi kukikagua. Kwa samaki asiyehama huwezi kufanya hivyo. Yeye anaweza kukaa juu ya maporomoko kizazi hadi kizazi bila kuligusa ziwa.

Juu ya nukta hiyo mstari unakatika, na hapo ndipo watu wengi wanapoisoma ramani vibaya. Kukatika maana yake ni "ushahidi wetu umefika hapa". Hakusemi kwamba samaki ameishia hapo. Orodha ya Alaska ina mito na maziwa karibu 20,000, na idara yenyewe inaamini kuwa hiyo haifiki nusu ya yote yanayotumiwa na samaki hao. Kwa maoni yetu, ramani nzuri hutumia rangi tatu: palipoonekana samaki, palipotafutwa asionekane, na pasipotafutwa. Ramani ya rangi mbili huchanganya hizo mbili za mwisho, na mwenye mradi wa ujenzi atazisoma zote kama "hakuna samaki".

Kukagua mto huanzia mezani. Chora mto kutoka picha za satelaiti, weka alama kila daraja, kalavati, banio la umwagiliaji, maporomoko na makutano ya vijito. Shughulikia vibali mapema: kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), taarifa kwa serikali za vijiji, na mazungumzo na kituo cha Kyela cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi), ambako huenda kuna rekodi zitakazokuokolea safari. Sumu ya utupa, baruti na umeme ni marufuku. Usije ukadhani neno utafiti linazihalalisha.

Panga safari mbili kwa kila mto. Ya kwanza ni msimu wa mvua, kwa ajili ya wazazi, siku ambazo mafuriko yamepungua na maji yameanza kutakata. Mto ukiwa rangi ya chai ya maziwa hutaona kitu. Ya pili ni baada ya mvua, kutafuta wachanga. Tembea kutoka chini kwenda juu, ili tope unalotibua libaki nyuma yako. Vaa miwani inayokata mng'ao wa maji, weka jua mgongoni, lakini kaa mbali kidogo na ukingo: kivuli chako kikitangulia, samaki ameshaondoka.

Kwa wachanga tumia migono, yaani mitego ya kuzamisha majini, yenye matundu ya milimita 5 hivi, chambo pumba iliyofinyangwa na unga. Tega jioni, tegua asubuhi na mapema. Ukiacha hadi mchana, kaa na kambale watakuwa wamekula ushahidi. Kila samaki alazwe kwenye ubao uliolowa, kichwa kushoto, rula chini yake, mapezi yamekunjuliwa, apigwe picha na kurudishwa ndani ya dakika moja. Mikono iwe imelowa; mikono mikavu huchubua ute unaomkinga. Picha ni ya lazima kwa sababu mbasa mchanga hufanana na ndugu yake Opsaridium microcephalum, ambaye naye hupatikana ziwa hilo hilo. Majina yenyewe yanasaidia kukumbuka: wa kwanza ni "magamba madogo", wa pili "kichwa kidogo". Kwa hiyo piga picha ya pili ya ubavu, karibu kiasi cha kuhesabu magamba.

Mgono ukitoka mtupu, andika sifuri, na uandike pia migono mingapi na saa ngapi. Sifuri ya migono 10 kwa saa 12 ina uzito. Sifuri ya mtu aliyechungulia darajani akaendelea na safari haina.

Kusema kwamba mahali ni pa kutagia kunataka zaidi ya kuona mzazi. Jike lililojaa mayai linaweza kuwa linapita tu. Ushahidi unaotosha ni mayai yenyewe: mtu mmoja ashike wavu mdogo chini ya mkondo, mwingine ageuze mawe machache juu yake, mayai yaingie wavuni. Machache, nasisitiza. Kufukua kitanda kizima ili kuthibitisha kwamba ni kitanda ni kukiharibu. Kuna pia njia ya kuchuja maji na kupima vinasaba vilivyomo. Inaonyesha kwamba samaki yupo mahali fulani juu ya ulipochota, lakini haisemi ni mzazi au mchanga, wala ni umbali gani.

Vizuizi navyo huchorwa. Pima kimo cha maporomoko, kisha kina cha kidimbwi kilicho chini yake, kwa sababu samaki anahitaji kina ili achape mkia na kuruka. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa samoni ni kwamba kidimbwi kiwe na kina cha mara 1.25 ya kimo: maporomoko ya mita 0.8 yanataka kidimbwi cha mita 1. Kanuni hiyo ilipimwa kwa samoni, kwa hiyo kwa mbasa ichukue kama onyo, usiifanye hukumu. Mwinuko wa mto upime hata kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi: mto ukipanda mita 1.2 kwenye urefu wa mita 30, huo ni mwinuko wa asilimia 4.

Kalavati ni adui wa kimya kimya. Likijengwa sawa na sakafu ya mto, samaki hupita. Baada ya misimu kadhaa maji yanayotoka kwa kasi hufukua upande wa chini, na mdomo wa bomba hubaki unaning'inia. Mzazi anaweza kuruka, mchanga hawezi. Pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa maji, kina cha maji ndani ya bomba, na urefu wa bomba. Banio lina tabia nyingine: kiangazi linafunga mto mzima, wakati wa mafuriko maji yanalifunika na samaki anapita juu yake. Bila tarehe, kipimo cha banio hakina maana. Na kizuizi cha mmoja si cha wote: mkunga mchanga hupanda mwamba uliolowa kwa kujinyonganyonga, mahali ambapo samaki wengine wanagota.

Makosa mengi ya ramani hizi hayatokei mtoni, yanatokea kwenye tarakimu. Andika latitudo na longitudo kwa nafasi 5 za desimali, ambayo ni usahihi wa kama mita 1; nafasi 3 ni kama mita 110. Kyela ni takribani -9.58, 33.85. Ukisahau alama ya kutoa, mto wako umehamia mpakani mwa Sudan na Sudan Kusini. Ukigeuza mpangilio, umeangukia baharini magharibi mwa Moroko. Makosa hayo yanaonekana mara moja. Baya zaidi ni lile dogo: ramani za karatasi za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti ni kama mita 300, milimita 6 tu kwenye karatasi, zinazotosha kumhamisha samaki kutoka kijito chake hadi kijito cha jirani.

Mstari nao haufai kila mahali. Kambale wa bonde la Usangu, mvua za kwanza zikifurika, huacha mkondo na kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ili atage. Kumchorea mstari kwenye mto Ruaha Mkuu ni kumwachia barabara na kumnyima nyumba. Yeye huchorewa eneo, na mpaka wa eneo hilo hupimwa maji yakiwa yamefika mbali kabisa, si mwezi wa Septemba.

Ramani ikikamilika, bodi ya maji ya bonde huitumia kuamua banio liachie maji kiasi gani na lini, na halmashauri huitumia kujua wapi pasichimbwe mchanga na kokoto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni; ramani husaidia kusema ni vijito gani vianze kusimamiwa.

Kwenye safu ya jina la samaki, andika jina la kisayansi pamoja na la mahali. Songwe ni mpaka. Ukingo wa Tanzania samaki huyu ni mbasa, ukingo wa Malawi ni mpasa, na kompyuta, isiyojua Kinyakyusa wala Kichewa, itahesabu samaki wawili.