Hadithi za Sungura hazifundishi watoto wizi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wazazi kila shule zinapofunguliwa: eti vitabu vya hadithi darasani ni mchezo tu, na Sungura mjanja anawafundisha watoto uongo na wizi. Si kweli.

Mwalimu hasomi hadithi kisha akafunga kitabu. Huuliza: Sungura alipomhadaa Fisi, nani aliumia? Wewe ungefanyaje? Hapo ndipo dhamira inapochimbuliwa: tamaa, urafiki, haki. Na Sungura huyohuyo hunaswa kwenye ulimbo, tena hushindwa mbio na Kobe. Sehemu hiyo ujumbe hauitaji.

Kinachotuchanganya ni kudhani kwamba mhusika mkuu lazima awe mfano wa kuigwa. Ngano hizi tulisimuliwa na bibi zetu, tukacheka, huku tukijua vyema nani kakosea.

Jaribu leo usiku. Msomee mwanao hadithi moja, kisha muulize nani alikosea na kwa nini. Msikilize bila kumkatiza. Hoja zake huenda zikakushangaza. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwulize kwa upole aliyeutuma ni kitabu gani alichokisoma.